Dirisha Likiganda: Nilivyochagua Mazingira ya Programu za Kisayansi Mara Tatu

Dirisha la programu yangu liligeuka jeupe dakika ya 40 ya kupima. Mota ilikuwa inazunguka mezani, vihisi vitatu vya mtetemo vimebandikwa kwenye nyumba ya beringi, na mzee aliyekuwa fundi mkuu wa maabara alikuwa amebofya kitufe nilichokipa jina la "Chambua". Kimya. Akabofya tena. Kompyuta ikaandika juu ya dirisha kwamba programu haijibu. "Imekufa hii," akasema, akaifunga, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kumbe ilikuwa hai. Ilikuwa inakokotoa, tena kwa usahihi, na ingemaliza baada ya dakika mbili hivi. Lakini vipimo vyote vilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta, havijaandikwa kwenye diski, na programu ilipofungwa vikapotea vyote.

Programu ile nimeiandika mara tatu, kila mara kwa mazingira tofauti, na kazi yake haikuwahi kubadilika: kupokea mtetemo kutoka kwenye vihisi, kuuonyesha kwenye grafu papo hapo, kuuchambua katika masafa yake (mara ngapi unajirudia kwa sekunde), na kumwezesha mtu asiyeandika programu kuamua kama beringi imeanza kuharibika. Ninaposema mazingira simaanishi lugha peke yake. Namaanisha lugha pamoja na maktaba ya madirisha (msimbo ulioandikwa tayari wa kuyatengeneza), maktaba ya grafu, njia ya kuzungumza na kifaa cha kupimia, na njia ya kuifikisha programu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ukichagua kimoja umeshajifunga kwa vingine vyote, uwe umevitazama au hukuvitazama. Mara ya kwanza mimi nilitazama lugha tu.

Nilijua lugha ya Python, na Tkinter, maktaba ya madirisha, kwa kawaida huja pamoja na Python, hakuna cha kusakinisha. Kwa mchana mmoja niliandika dirisha lenye vitufe vinne na grafu moja, likafanya kazi, nikaona nimeshachagua. Ukweli ni kwamba nilichukua kilichokuwa karibu na mkono, na majaribio niliyofanya yalikuwa na sampuli elfu tano, yaani vipimo elfu tano vya papo mojamoja. Maabara ilikuwa inapima sampuli 10,000 kwa sekunde kwa kila kihisi. Zidisha kwa vihisi 3 na dakika 40, unapata sampuli milioni 72. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya kwenye karatasi siku ya kwanza.

Kuganda kwa dirisha kuna sababu moja, na nadhani kila anayeanza kazi hii angeielewa kabla ya kusoma jambo lingine lolote. Karibu maktaba zote za madirisha, iwe Tk, Qt, GTK, wxWidgets au Swing ya Java, zinafanya kazi kwa namna ileile. Kuna kitanzi kimoja kinachozunguka bila kukoma, kinapokea matukio na kuyashughulikia moja baada ya jingine: kipanya kimesogezwa, kitufe kimebofywa, dirisha lilikuwa limefunikwa na sasa linataka kuchorwa upya. Ukiweka hesabu ya dakika mbili ndani ya kazi inayoitwa na kitufe, kitanzi kinasimama dakika mbili. Hakuna wa kuchora dirisha, hakuna wa kupokea mbofyo, na mfumo wa kompyuta ukiona kimya hicho unamtangazia mtumiaji kwamba programu haijibu. Kwa mtumiaji, programu isiyojibu imekufa, na hana wajibu wa kujua vinginevyo.

Tangu mtafiti Robert Miller aandike kuhusu jambo hili mwaka 1968, wanaochunguza matumizi ya kompyuta wamekuwa wakirudia viwango vinavyofanana: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huona kama limekuja papo hapo, likifika sekunde moja anauona ucheleweshaji lakini mawazo yake hayakatiki, likipita sekunde kumi akili yake inahamia kwingine. Nilibandika namba hizo tatu ukutani. Zilinisaidia kuliko ulinganisho wowote wa lugha niliowahi kusoma, kwa sababu zilinipa kipimo cha kuulizia kila mazingira: kazi yangu nzito kuliko zote ikiwa inaendelea nyuma, je, kitufe kitajibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde?

Tiba inajulikana. Hesabu nzito unaiondoa kwenye kitanzi na kuipeleka kwenye uzi mwingine wa utekelezaji (mfululizo wa kazi unaokwenda sambamba ndani ya programu ileile), au kwenye mchakato mwingine kabisa, kisha matokeo yanarudishwa kwenye kitanzi kwa foleni au kwa ujumbe. Sharti lake ni moja na halina msamaha: ule uzi mwingine usiguse dirisha. Usiandike kwenye lebo, usichore kwenye grafu, usibadilishe rangi ya kitufe. Mimi nililivunja sharti hilo kwa lebo moja tu ya kuonyesha asilimia, na programu ikawa inaanguka mara moja kwa siku mbili tatu, bila mpangilio, bila ujumbe wa maana. Makosa ya aina hiyo ndiyo mabaya kuliko yote, maana ukikaa mbele ya kompyuta kuyasubiri hayaji.

Kwa Python kuna jambo la ziada. Python ya kawaida ina kufuli moja ndani ya mkalimani wake (sehemu inayosoma na kutekeleza msimbo), na uzi mmoja tu ndio unaoweza kutekeleza maagizo ya Python kwa wakati mmoja. Hata ukifungua nyuzi nane kwenye kompyuta yenye viini vinane, kwa hesabu iliyoandikwa kwa Python tupu nyuzi hizo zinapokezana zamu. Kinachookoa ni kwamba kazi nyingi nzito za NumPy, maktaba ya Python ya kukokotoa safu za namba, huachia kufuli hilo zinapokuwa zinakokotoa ndani ya msimbo wa lugha ya C, hivyo dirisha linapata nafasi ya kupumua. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilikuja na muundo wa majaribio usio na kufuli hilo. Wakati ninapambana na Tkinter haukuwepo, na nilijifunza kuandika hesabu zangu kwa safu nzima za namba badala ya kuzunguka sampuli moja moja. Hilo siliiti hasara.

Nilirekebisha programu ile ya kwanza. Vipimo vikawa vinaandikwa kwenye diski kila sekunde, uchambuzi ukahamia kwenye uzi wake. Dirisha halikuganda tena. Kilichonishinda ni grafu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo niliposhuhudia programu ikisema uongo mbele ya watu walioiamini.

Skrini yetu ilikuwa na upana wa pikseli 1,920. Kihisi kimoja kwa dakika 40 kinatoa sampuli milioni 24. Ukitaka kuuona mtetemo wote kwa mkupuo, kila safu moja ya pikseli inabeba sampuli 12,500. Kuchora zote ni kupoteza muda. Mistari elfu kumi na mbili inarundikana mahali pamoja. Basi nikapunguza: nikachukua sampuli moja katika kila 12,500, nikachora hizo tu. Grafu ikawa nyepesi, ikasogea vizuri, nami nikafurahi.

Wiki iliyofuata mzee alikuja na beringi aliyoijua kuwa mbovu. Aliizungusha kwa mkono, akaisikiliza, akaifunga kwenye mota, akapima. Grafu ilikuwa tulivu. "Kijana," akaniuliza, "mbona naisikia inagonga na hapa hamna kitu?" Nilimwambia labda kihisi kimelegea. Tukakibana upya. Grafu bado tulivu.

Beringi yenye ufa hugonga kwa mshtuko mfupi sana. Yetu ilikuwa inagonga kwa kama milisekunde mbili, yaani sampuli 20 kwa kasi yetu ya kupima. Ukichukua sampuli moja katika kila 12,500, mshtuko mmoja wa sampuli 20 una nafasi 1 kati ya 625 ya kuonekana. Programu yangu ilikuwa inatupa kile hasa ilichoandikwa kukitafuta. Uchambuzi wa masafa ulikuwa unatumia data kamili na ulikuwa sahihi, lakini watu huangalia grafu kwanza, na grafu ikiwaambia hamna kitu hawaendi mbele.

Njia iliyo salama ni rahisi: kwa kila safu ya pikseli tafuta sampuli ya chini kabisa na ya juu kabisa, uchore mstari wima kuziunganisha. Sampuli mbili kwa kila safu, jumla 3,840 badala ya milioni 24, na hakuna mshtuko unaopotea hata uwe mfupi namna gani. Mtumiaji akikuza sehemu, unapunguza upya kwa sehemu ile tu. Tangu siku hiyo, nikiletewa maktaba yoyote ya grafu, swali langu la kwanza ni hili: ukiwa na data nyingi kuliko pikseli, unafanya nini? Ipo inayochora zote na kuchoka. Ipo inayoruka. Ipo inayokuachia uchague. Pyqtgraph, maktaba ya grafu ya Python, kwa mfano, ina njia tatu, ya kuruka, ya wastani, na ya kushika vilele, na hiyo ya vilele ndiyo niliyokuwa naihitaji. Wastani nao una hatari yake, kwani unalainisha mshtuko mpaka unafanana na kelele za kawaida.

Rangi nazo husema uongo. Grafu ya masafa kwa wakati huchorwa kama picha, ambapo rangi ndiyo nguvu ya mtetemo, na nilikuwa natumia rangi za upinde wa mvua kwa sababu ndizo nilizozikuta. Mtafiti mmoja akaandika kwenye ripoti yake kwamba kuna mpaka kati ya hali mbili za mota, na mpaka huo ulikuwa ukanda wa njano tu, mahali ambapo jicho huona mruko ambao data hazina. MATLAB, mazingira ya kulipia ya hesabu, iliacha rangi hizo kuwa chaguo-msingi mwaka 2014 ikaweka seti ya rangi iitwayo parula, na Matplotlib, maktaba ya grafu ya Python, ikazibadilisha kwa seti ya viridis katika toleo la 2.0 la mwaka 2017. Mazingira yanayokupa rangi nzuri bila kuomba yanakulinda na kosa ambalo hujui unalifanya.

Mara ya pili nilikimbilia upande mwingine kabisa. Nilichukua mazingira ya kulipia, yaliyokamilika, yenye hesabu za ishara (za kuchambua mawimbi kama mtetemo) ndani yake na chombo cha kuburuta vitufe kwa kipanya mpaka dirisha linakuwa tayari. Nasema kwa moyo mweupe kwamba sijawahi kuandika hesabu kwa raha kama nilivyoandika humo. Kilichokuwa wiki moja kilikuwa siku moja. Nyaraka zake zilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kusoma, na kila mfano ulifanya kazi.

Tulikuwa na leseni nne. Watu waliotaka kutumia programu walikuwa kumi na mmoja. Masharti yalikuwa yameandikwa wazi na mimi sikuwa nimeyasoma nikiwa na namba hiyo kichwani, kwa sababu nilipokuwa nachagua nilijifikiria mimi mwandishi, mtu mmoja, kompyuta moja. Alasiri ya siku za kazi wanafunzi walikuwa wanasubiriana mlangoni. Njia ya kuifunga programu iende kwa mtu asiye na leseni ilikuwepo, lakini ilitaka kifurushi kizito kisakinishwe kwenye kila kompyuta, na kompyuta za vyumba vya kupimia hazikuwa na ruhusa ya kusakinisha kitu bila msimamizi.

Wakati huo ndipo nilipokutana na habari za John Hunter, na zilinifariji. Hunter alikuwa mwanasayansi wa neva, anatafiti kifafa, na alihitaji programu ya kuonyesha umeme wa ubongo wa wagonjwa. Alianza kwa MATLAB. Programu ilipokua, ikawa inalazimika kuzungumza na hifadhidata na seva na kubeba miundo tata ya data, akaona lugha inambana, akaanza upya kwa Python. Alipokosa maktaba ya grafu iliyomtosha aliiandika mwenyewe, na ndiyo Matplotlib, iliyotoka mwaka 2003. Kinachonigusa ni orodha ya mahitaji aliyojiwekea: michoro iwe na ubora wa kuchapishwa, iweze kupachikwa ndani ya dirisha la programu, na msimbo uwe wa kueleweka kiasi cha mtu kuweza kuuendeleza. Alijua anachotaka kabla ya kuchagua. Alifariki mwaka 2012, na mpaka leo wanasayansi wengi mno wanachora kwa chombo alichokitengeneza ili aone data zake.

Mimi nami nikakaa nikaandika mahitaji, safari hii kabla ya kugusa kibodi. Sikuandika sifa za lugha. Niliandika mambo yaliyonitokea: vihisi vitatu kwa kasi ya 10,000, grafu ibadilike angalau mara 20 kwa sekunde, uchambuzi uendelee huku mtu anakuza grafu, programu ifunguke kwenye kompyuta isiyo na intaneti na isiyo na msimamizi, watu kumi na mmoja kwa wakati mmoja, na nikiondoka mtu mwingine aweze kuifungua na kuielewa. Kisha kwa kila mazingira niliyoyafikiria nilijipa siku mbili za kujenga kipande kigumu tu. Hakuna menyu, hakuna nembo, hakuna dirisha la mipangilio. Data bandia kwa kasi halisi, grafu moja, hesabu moja nzito, na kuifungasha iende kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote tulizokuwa nazo.

Siku mbili zile zilinisemea mengi. C++ na Qt ilifaulu kila kitu bila kutoka jasho, lakini nilipojiuliza nani kati yetu angeiendeleza, hakukuwa na jina. Kivinjari kikiwa upande wa dirisha na Python upande wa seva kilikuwa kizuri kwa kuonyesha, kikawa kizito nilipotaka grafu isogee mara 20 kwa sekunde pamoja na kukuza. Nina hakika mwenye uzoefu nacho kuliko mimi angekivusha. Java ilinivutia kwa sababu ya ImageJ. Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alikuwa na NIH Image, programu ya kuchambua picha iliyoandikwa kwa Pascal na kufanya kazi kwenye Macintosh tu. Mwaka 1997 akaanza upya kwa Java, ikaweza kufunguka kwenye kila aina ya kompyuta, na wanasayansi wakaruhusiwa kuongeza vipande vyao wenyewe. Bado inatumika. Ningekuwa naandika programu ya picha za hadubini ningefuata njia ile. Hesabu zangu za ishara, hata hivyo, zilitegemea kazi ambazo NumPy na SciPy, maktaba ya Python ya hesabu za kisayansi, zinazo tayari, na kwenda Java kungekuwa kuandika upya kitu kilichokwisha kupimwa.

Python na Qt pamoja na pyqtgraph ndiyo iliyobaki. Matplotlib niliiacha kwa michoro ya ripoti, ambako ndiko kwake. Imejengwa kwa mchoro mzuri wa kuchapishwa, na kwenye kompyuta yetu dhaifu haikuweza kuchora mistari mitatu inayokimbia kwa kasi niliyotaka. Qt ina utaratibu wake wa ishara unaoniondolea hofu ya nyuzi: uzi wa hesabu unatoa ishara "nimemaliza, matokeo haya hapa", na Qt yenyewe inaipanga foleni mpaka kitanzi cha dirisha kiwe tayari kuipokea. Ile lebo ya asilimia iliyokuwa inaniangushia programu ikawa kazi ya mistari mitatu.

Kuhusu leseni safari hii nilisoma. Kuna njia mbili za kutumia Qt kutoka Python. PyQt inatolewa kwa GPL, leseni huria inayomtaka anayesambaza programu aachie na msimbo wake, au kwa leseni ya kulipia. PySide inapatikana kwa LGPL, leseni huria isiyokulazimisha kuachia msimbo wa programu yako. Maabara ilikuwa imeanza kuzungumza juu ya kuwapa programu watu wa nje bila kuachia msimbo wake, kwa hiyo tulichukua PySide. Msimbo wa hizo mbili unafanana sana. Nilikuwa nimeanza majaribio kwa PyQt, na kuhama kulichukua asubuhi moja, sehemu kubwa ikiwa ni kubadilisha pyqtSignal kuwa Signal.

Kitu kimoja hakikuwamo kwenye orodha yangu, nacho kilinigharimu wiki mbili: waya. Kifaa cha kupokea mtetemo kilikuja na maktaba yake ya kukiendesha, na maktaba hiyo ilikuwa ya biti 32. Python yangu ilikuwa ya biti 64. Mchakato wa biti 64 hauwezi kupakia maktaba ya biti 32, basi, hata umbembeleze vipi. Kwenye majaribio nilitumia data bandia, hivyo sikuliona. Mwishowe niliandika programu ndogo ya biti 32, isiyo na dirisha, ambayo kazi yake ni kusoma kifaa na kupitisha sampuli kwa soketi (njia ya programu mbili kupelekeana data) ndani ya kompyuta ileile. Nilianza kuiandika kwa kinyongo, ila ikawa na faida nisiyoitarajia: dirisha likianguka, usomaji unaendelea na diski inaendelea kujazwa. Leo hata ningepata maktaba ya biti 64 nisingeunganisha tena. Lakini kwa yeyote anayechagua, chomeka kifaa halisi siku ya kwanza. Data bandia hazina waya.

Kuna jambo la hesabu na dirisha ambalo naliona zito kuliko yote niliyoeleza mpaka hapa. Kuhama kutoka mazingira ya kwanza kwenda ya pili kulinichukua miezi minne. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, wiki tatu. Programu haikuwa imepungua, ilikuwa imekua. Tofauti ni kwamba katika ile ya kwanza hesabu zangu zilikuwa zimeandikwa ndani ya vitufe. Kazi ya kitufe cha "Chambua" ilikuwa inasoma kasi ya mota kutoka kwenye kisanduku cha maandishi, inakokotoa, inachora, inaandika faili, yote kwa mfululizo mmoja wa mistari mia mbili. Nilipotaka kuhamisha fomula ilibidi kwanza niichambue kutoka kwenye dirisha kama mtu anayetoa miiba ya samaki.

Katika ya pili nilijiwekea sheria: folda ya hesabu hairuhusiwi kujua kwamba kuna dirisha duniani. Inapokea namba, inarudisha namba. Kila mwisho wa wiki niliendesha uchambuzi mzima kutoka kwenye mstari wa amri, bila skrini, kwa faili moja la beringi nzima na moja la beringi mbovu, nikalinganisha na matokeo ya wiki iliyopita. Nilipokwenda kwenye mazingira ya tatu lugha ilikuwa nyingine, hivyo ilibidi nitafsiri hesabu, lakini nilitafsiri kazi moja moja nikiwa na majibu sahihi mkononi. Hata hapo kuna kilichonikwamisha. Mazingira yale yalihesabu nafasi kuanzia 1, Python huanza na 0, na kosa la sampuli moja halionekani kwenye grafu yoyote. Lilionekana kwenye ulinganisho wa namba, na ni kwa sababu ulikuwepo.

Wanaonijia kuniuliza wachague nini kwa kawaida huja na majina mawili na wanataka nitaje moja. Siwezi, mpaka nijue kifaa, ukubwa wa data na nani atabaki nayo. Anayetaka kuunganisha vyombo vya maabara na hana hamu ya kuandika maandishi ya msimbo, LabVIEW imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa michoro ya nyaya tangu 1986, na kwa kazi hiyo ni imara. Anayechora miili ya pande tatu aanze kwa kutazama VTK, maktaba ya michoro ya aina hiyo, kisha ndipo achague lugha. Mwenye programu itakayotumiwa na yeye peke yake mara mbili kwa mwaka, Tkinter inamtosha kabisa, na akijua habari za kitanzi hataumia nayo.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alitaka vipimo vyetu vionekane kwenye kivinjari, ili walio vyumba vingine wafuatilie bila kuja maabara. Nilimpa folda ya hesabu na yale mafaili mawili ya beringi, nikamwonyesha soketi inakopitia data. Hakuhitaji kusoma dirisha langu. Baada ya wiki mbili alirudi na ukurasa unaofanya kazi na swali moja: kwa nini kazi ya kutafuta vilele inarudisha nafasi kwa namba ya sampuli na si kwa sekunde? Nilimweleza kwamba sekunde zinategemea kasi ya kupima, na sikutaka hesabu iikisie. Akafikiri kidogo. "Basi, Mwalimu, tuipe hiyo kasi kama ingizo," akasema. Tukafungua faili, tukaongeza ingizo hilo na majibu ya sekunde, tukaendesha mafaili mawili kutoka kwenye mstari wa amri, namba za zamani zikatoka vilevile. Akaenda kumalizia ukurasa wake.